Kazi ya ukili na katani nyumbani: mnaipangaje siku isikatikekatike?

Swali — Mwana Ukili

Ndugu wasukaji na wafumaji, naomba mwongozo wenu. Ninaishi kijijini pamoja na familia yangu, tuna watoto watatu, na mdogo wao ana miaka miwili. Kazi yangu ni ya mikono: ninasuka ukili, yaani mkanda mrefu wa majani ya ukindu, kwa ajili ya mikeka, na ninapara mkonge, kusokota singa (nyuzi) zake na kutengeneza vikapu. Yote haya nayafanyia nyumbani kwa kuwa sina kibanda wala chumba cha pekee. Chane, yaani majani ya ukindu yaliyochanwa, zinaning'inia sebuleni, katani (nyuzi za mkonge) inakaa nyuma ya mlango, na sufuria la rangi linachemkia jikoni, pale pale tunapopikia.

Ujuzi ninao, kwa sababu nilianza kusuka nikiwa mdogo na mikono yangu inajua inachofanya hata macho yakiwa kwingine. Kinachonishinda ni siku yenyewe. Ninakaa kusuka, mtoto analia, ninainuka. Ninarudi, nimesahau uchane upi ulikuwa juu na upi chini, nafumua. Nikianza tena, maji yamekwisha, au mgeni amebisha hodi. Jioni ninatazama nilichofanya na kuona ukili ambao haujafika hata pima mbili, ilhali nimeshinda kazini tangu asubuhi. Kwa upande wa kamba ni taabu zaidi, kwani nasokota kwa siku nne uzi ambao kikapu kinaumaliza kwa siku moja.

Juu ya hayo, msimu wa mvua uliopita niliweka furushi zima la ukindu chini ya kitanda, na nilipolitoa lilikuwa limeota ukungu. Kisha nikaharibu rangi: niliacha chane zikichemka nikaenda kumtuliza mtoto, na niliporudi zilikuwa na mabaka, zimeshika rangi huku na kubaki nyeupe kule. Nimeanza pia kusikia maumivu kwenye kifundo cha mkono wa kulia.

Ninachouliza ni hiki: je, ni lazima nijenge kibanda ndipo kazi iende, au kuna namna ya kuipanga ndani ya nyumba hii hii? Ninyi mnafanyaje?

Jibu — Mfumi Mzee

Dada, hongera kwa kuuliza kwa uwazi. Mimi ni mfumi wa sufu, na mke wangu ndiye anayesokota. Tumefanya kazi hii nyumbani tangu watoto wetu wakiwa wadogo kama wako, na sasa ni wazazi. Nitakuambia jambo ambalo sisi tulichelewa kulitambua, nawe utaona kama linakufaa.

Mwaka 1970 mwanaanthropolojia mmoja wa Marekani, Judith Brown, aliandika makala fupi akijiuliza kwa nini katika jamii nyingi duniani kazi fulani, kusokota na kufuma zikiwemo, zimeangukia mikononi mwa wale wanaolea watoto. Jibu lake halikuwa nguvu za mwili wala akili. Alisema ni kazi ambazo hazidai mtu azame mawazo yote, zinaweza kuachwa katikati na kuanzwa tena bila shida, hazimhatarishi mtoto aliye karibu, na hazimlazimu mtu kwenda mbali na nyumbani. Kwa maneno mengine, kazi ya uzi inavumilia kukatizwa, na ndiyo maana imedumu majumbani miaka yote hii. Kwa hiyo usijione kuwa unafanya kazi yako vibaya kwa sababu inakatika.

Hata hivyo, na hapa ndipo mimi na mke wangu tulipokosea kwa miaka mingi, si kila hatua ya kazi hii inavumilia. Kusuka ukili kunakatika. Kusokota kunakatika. Kutandika mtande, yaani nyuzi za urefu, kwenye kitanda cha mfumi hakukatiki, kwa sababu ukipoteza hesabu ya nyuzi katikati utaanza upya. Kupika rangi hakukatiki. Kupara mkonge hakukatiki, kwani kuna kisu, na utomvu wa mkonge unawasha ngozi. Mtoto wa miaka miwili hapaswi kuwa karibu kabisa. Kushona ukili uwe mkeka kunakatika nusu nusu: unaweza kuacha, lakini shazia, ile sindano ndefu ya kushonea mikeka, isiachwe sakafuni. Wewe unazifanya hatua zote hizi kwa namna moja, unapopata nafasi, na ndiyo sababu zile zisizovumilia zinaharibika na zile zinazovumilia zinakuchosha roho.

Zitenge. Zile zisizokatika zipewe saa yake, mara moja au mbili kwa wiki, wakati kuna mtu mzima mwingine wa kuwaangalia watoto, na mtu huyo aambiwe mapema kwamba kwa saa hizo hupatikani. Zile zinazokatika ziwe karibu na mkono siku nzima, mahali pamoja, tayari kuchukuliwa hata kwa muda mfupi wa kungojea maji yachemke.

Sasa niseme kuhusu kuacha kazi katikati, kwa sababu hapo ndipo unapopoteza muda mwingi kuliko unavyodhani. Usiinuke popote tu. Jiwekee desturi ya kuacha pale ambapo uchane wa ukingo wa kulia umekwisha kukunjwa na kuingia ndani, kila mara upande huo huo, ili ukirudi usiwe na haja ya kukumbuka: unajua kwamba zamu ni ya kushoto. Ukiona uchane unakaribia kwisha, unga mpya kabla ya kuinuka, wala usiache kiungo kikisubiri, kwa maana kiungo kilichoachwa wazi ndicho kinachochomoka. Kisha bana mwisho wa ukili kwa kipande cha uchane kilichofungwa mara mbili, au kwa kibanio cha nguo. Mtoto akilia, vumilia pumzi tatu umalize mkunjo huo, ndipo uinuke. Pumzi tatu hizo zitakuokoa na kufumua.

Kuhusu kamba, usijilaumu hata kidogo. Kusokota kumekuwa kukichukua muda kuliko kufuma tangu zamani, na mfumi mmoja alihitaji wasokotaji kadhaa wa kumlisha uzi. Mwaka 1733 John Kay wa Uingereza alibuni njia ya kukirusha kwa kamba chombo kinachopitisha mshindio (uzi wa kukingama) katikati ya mtande, na wafumi wakawa na kasi kiasi kwamba uzi uliosokotwa majumbani ulishindwa kuwatosheleza. Katika miaka ya 1760 James Hargreaves akatengeneza mashine ya kusokota nyuzi nyingi kwa pamoja, na pengo hilo la uzi ndilo lililokuwa likizibwa. Siku nne za kusokota kwa siku moja ya kikapu ni hesabu ya kawaida ya kazi ya mkono. Unachoweza kufanya ni kusokota kidogo kidogo kila siku na kuweka akiba ya magurudumu ya kamba, badala ya kusubiri kikapu kianze ndipo usokote kwa haraka. Wakati wa mazungumzo ya jioni mikono yako isikae bure.

Jibu — Mkindu

Naungana na Mzee wetu, na ninaomba niongeze kuhusu unyevu, kwa kuwa mimi nasuka ukindu peke yake na nimeutupa mwingi kabla ya kuelewa.

Ukindu una adui wawili, na wako pande mbili tofauti. Ukiwa mkavu mno unapasuka unapoukunja, na ukiwa na majimaji mno unaota ukungu. Kazi ya msukaji ni kuulainisha kwa saa chache tu za kusuka na kuurudisha kwenye ukavu kabla haujalala. Mimi nasuka sana alfajiri, wakati hewa ina umande na chane zinakunjika zenyewe. Jua likipanda, nachukua chane za kutosha kazi ya siku hiyo tu, nazinyunyizia maji na kuzikunja ndani ya kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri, nangoja kidogo ndipo nisuke. Siziloweki usiku kucha. Zikibaki jioni, nazitandaza mahali penye upepo. Kamwe sizirudishi kwenye furushi zikiwa na ubaridi wa maji.

Furushi lako liliharibikia pale chini ya kitanda. Sakafu inatoa unyevu, hewa haipiti, na hewa inapokaa na unyevu unaozidi takriban asilimia 70 kwa siku nyingi, ukungu hupata nafasi hata kama ulianika jani vizuri. Weka juu. Tundika kwenye kenchi au kwenye kamba iliyopita karibu na dari, mbali kidogo na ukuta, katika mafungu madogo yasiyobanwa, na usitumie mfuko wa plastiki, kwani unafungia ndani unyevu uleule unaotaka utoke. Wapo wanaotundika juu ya meko. Moshi husaidia kufukuza wadudu, ila ukindu hugeuka rangi na kunuka moshi, kwa hiyo huo uwe wa vikapu vya shambani, usiwe wa mkeka mweupe.

Kabla ya kuhifadhi, jaribu hivi: chukua uchane mmoja kutoka katikati ya fungu, si wa nje, uukunje karibu na sikio. Ukilia kwa mlio mkavu kama karatasi, fungu liko tayari. Ukikunjika kimya, rudisha juani. Mimi huchagua wa katikati kwa sababu wa nje hudanganya. Jua huushika kwanza, na ukadhani fungu zima limekauka.

Ule ulioota ukungu usiukung'utie ndani, maana vumbi lile halifai kuvutwa kifuani, hasa na watoto. Utoe nje, ufute kwa kitambaa, uuanike siku mbili tatu za jua kali, halafu uvute na kuukunja uchane mmoja mmoja. Unaokatika umeoza. Usiokatika unafaa, ingawa madoa yake hayatatoka.

Jibu — Sufuria la Rangi

Nitajibu kuhusu mabaka, maana nimeyapata mara nyingi zaidi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na sidhani kama kosa lako lilikuwa kumwendea mtoto. Mabaka huanza kabla ya moto kuwashwa.

Sababu ya kwanza ni kutumbukiza chane kavu kwenye rangi. Kavu hunywa rangi kwa pupa pale inapogusana na maji kwanza, na sehemu nyingine inabaki nyuma. Loweka chane kwenye maji matupu hadi zilegee zote, ndipo uziingize. Sababu ya pili ni fundo. Ukiyafunga mafungu kwa nguvu, rangi haipenyi chini ya fundo. Wapo mafundi wanaofunga makusudi ili wapate michoro, nawe unaipata bila kutaka. Funga kwa ulegevu, kiasi cha kuzuia zisisambaratike tu. Sababu ya tatu ni sufuria dogo. Chane ziwe na nafasi ya kuelea na kugeuzwa, la sivyo zile zinazogusa chini zinakolea na za juu zinapauka. Na chane za mkeka mmoja zipikwe zote pamoja, kwa sababu hata ukirudia vipimo vilevile wiki ijayo, rangi mbili hazitakuwa pacha.

Ukitumia rangi za mimea badala ya za unga, kuna hatua ya kuifanya rangi ishike. Watu wa sufu hutumia shabu, chumvi ya kushikisha rangi, kwa kawaida gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100 za sufu kavu, na sufu huipokea moja kwa moja. Nyuzi za mimea kama ukindu, pamba na katani zina ukaidi zaidi, kwa hiyo huanza kwa kuchemshwa na kitu chenye tanini (ule ukakasi wa magome), kwa mfano magome ya mgunga au ya mkoko, kisha ndipo shabu ifuate. Chuma kwenye sufuria kitatia rangi giza, na kikizidi hudhoofisha nyuzi. Pima uzito zikiwa kavu, kabla ya kuloweka.

Hizo zenye mabaka usizitupe. Zilowekwe tena na kupikwa kwa rangi nzito zaidi ya ile ya kwanza, na mabaka mengi yatazama.

Lakini jambo ninalokuomba ulifanye wiki hii, kabla ya mengine yote, ni kulitenga sufuria. Sufuria la rangi lisirudi kupikia chakula, hata likisuguliwa likang'aa, na mwiko wake vilevile. Litie alama ambayo kila mtu nyumbani ataitambua, lihifadhiwe nje ya jiko, na kupika rangi kufanyike nje, penye hewa, watoto wakiwa mbali. Katika jambo hili silegezi, kwa sababu nyumba yetu ndiyo karakana yetu na wanaokula humo ni wanetu.

Mwana Ukili (muuliza swali)

Nawashukuru sana, Mzee na ndugu zangu wote. Nimesoma mara mbili na nimegundua kwamba nilikuwa nikiyafunga mafungu yangu kwa nguvu nikidhani ndiyo usafi wa kazi. Sufuria nimelitenga leo hii.

Bado nina maswali mawili. Kifundo cha mkono kinaniuma zaidi siku za kusokota. Pia, nitajuaje kama mpango huu mpya unafaa, ikiwa jioni macho yangu yanaona tu kwamba kazi ni ndogo?

Jibu — Shazia

Mimi nashona mikeka na kusokota katani, na maumivu hayo nayajua. Angalia kwanza jinsi unavyosokota. Ukisokota kwa vidole peke yake, kifundo kinafanya mzunguko uleule mara nyingi mno. Ukisokota kwa kuviringisha singa pajani kwa kiganja kilichonyooka, nguvu inatoka begani na kifundo kinapumzika. Weka kipande cha ngozi laini au kitambaa kizito juu ya paja, maana katani inakwangua. Singa ziwe na unyevu kidogo, kwani kavu zinasimama kama miiba na kukulazimisha ubane kwa nguvu.

La pili, usifanye hatua moja siku nzima. Suka, kisha shona, kisha chambua singa, hata kama ungetamani kumaliza moja kwanza. Kukatizwa na mtoto, ambako unakulalamikia, huenda ndiko kumekuwa kukiukinga mkono wako hadi sasa. Na usisuke ukiwa umeinama juu ya kazi iliyo sakafuni. Kaa ukiegemea kitu, ukili upite kwenye goti, macho yashuke bila shingo kupinda.

Hata hivyo, ukianza kuamka usiku vidole vimekufa ganzi, hasa kidole gumba, cha shahada na cha kati, hiyo ni dalili ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo. Usiivumilie, nenda kituo cha afya mapema, kwani ikikaa muda mrefu mkono hupoteza nguvu ya kushika.

Kuhusu kipimo, macho hayafai kuwa mizani. Ukili uliosukwa unakunjwa kuwa gurudumu, na gurudumu linaficha urefu. Fanya kama ninavyofanya: kila nikifikisha pima moja, natia uzi mwekundu ukingoni. Mwisho wa wiki nahesabu nyuzi nyekundu, sihesabu siku. Mkeka una urefu na upana unaojulikana, kwa hiyo ukijua unataka pima ngapi, unajua umebakiza ngapi, na mazungumzo na mteja yanakuwa ya ukweli.

Mwana Ukili (muuliza swali)

Narudi baada ya majuma mawili, kama heshima ya kuwajibu.

Nimepanga hivi: Jumanne asubuhi, wakati mama mkwe anakaa na watoto, ndiyo saa ya kupara mkonge au kupika rangi, na hakuna aniitaye. Siku nyingine nasuka alfajiri hadi watoto waamke, kisha ukili unakaa kwenye kapu karibu na mlango, umebanwa kwa kibanio, na kila nikipata nafasi nauchukua. Mwanzoni nilisahau kuacha upande wa kulia na nikafumua mara tatu. Sasa mkono umezoea wenyewe. Juma la kwanza nilihesabu nyuzi nyekundu tisa, la pili kumi na nne. Zamani sikuwa nikihesabu, hivyo siwezi kulinganisha, ila juma hili sikufumua hata mara moja. Kibanda nimekiacha kwanza.

Furushi la ukungu nimelitoa nje na kulijaribu kama Mkindu alivyoelekeza. Karibu nusu lilikatika mikononi, nami nimelitupa. Nusu iliyobaki imetundikwa kwenye kenchi ikiwa na madoa yake, na binti yangu mkubwa ameomba aitumie kujifunzia ukili wake wa kwanza. Chane zilizokuwa na mabaka nimezipika upya kwa rangi nyeusi, nje, zikielea. Zimekauka tangu juzi, na sijaona baka.